Fundi Vioo na Picha Tisa za Misri

Nilipohamia jirani naye, Fundi Vioo alikuwa na vidole saba vizima na vitatu nusu. Watu wa Barabara ya Nane walisema vioo vimemla kidogo kidogo, naye hakukanusha. Mteja mgeni akikodolea macho mkono wake, yeye aliulaza juu ya meza na kusema, "Angalia ushibe, kisha tuzungumze fremu."

Duka lake na langu yaligawana ukuta mmoja mwembamba. Mimi ni fundi cherehani. Yeye alikata vioo na kutia picha za watu kwenye fremu. Kwa miaka kumi na minne nilimsikia kabla ya kumwona. Kwanza mlio wa kalamu ya almasi ikichana kioo, ule unaotia meno ganzi, kisha kimya, kisha tak, kioo kimekatika. Kimya kile alikilinda kama mtu anayelinda usingizi wa mgonjwa. Cherehani yangu ikivuma wakati huo aligonga ukuta kwa ngumi, nami nikaondoa mguu kwenye pedeli mpaka nisikie tak.

Alikuwa Mhindi wa mjini petu, Mwislamu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, kile cha watu waliokulia Ngamiani wakaumwa na mbu wake. Hakuwa mpole. Nalisema mapema kwa sababu wazee wakishaondoka tunawapaka asali mpaka hawajulikani. Alikuwa na ulimi wa kukwaruza. Siku moja bibi harusi alimlalamikia kwamba fremu imekwenda upande. Fundi alichukua rula, akapima pande zote nne mbele yake, kisha akasema, "Fremu imenyooka, mwanangu. Aliyekwenda upande ni bwana harusi." Binti yule aliondoka akilia. Bi Mkubwa, mkewe Fundi, alimfuata mpaka kona ya mtaa na sahani ya kaimati, akambembeleza, akamrudisha.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Bi Mkubwa. Yeye kukwaruza, mkewe kupaka mafuta. Walikaa chumba cha nyuma ya duka, hawakujaaliwa mtoto, na sikuwahi kusikia wakigombana ila kwa habari ya chumvi.

Lakini mtu yule yule mwenye ulimi wa kukwaruza aliwahi kumfukuza mteja mnene, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, aliyeleta picha ya familia akitaka mke aliyemwacha akatwe, wabaki yeye na watoto. Fundi aliitazama picha ile kwa muda. Mwanamke alikuwa amempakata mtoto mdogo.

"Nikimkata huyu, mtoto atakaa juu ya nini?" aliuliza.

"Utajua mwenyewe, fundi ni wewe."

"Mimi nakata kioo. Sikati watu." Akamrudishia picha yake.

Na huyu huyu ambaye riziki yake ilitoka kwenye sura za watu, hakukubali kupigwa picha. Kuta za chumba chao zilikuwa tupu, isipokuwa kalenda ya msikiti. Wakati wa sala alizigeuza picha zote za dukani zikatazama ukuta, maharusi kwa marehemu, akaswali, kisha akazigeuza tena moja moja. Kaka yake Bi Mkubwa, mtu wa dini na wa maneno mengi, alimwambia mara nyingi kwamba malaika hawaingii nyumba ile. Fundi alijibu, "Waingie kwako basi, wewe una nafasi."

Picha alizozipenda hazikuwa za wateja. Zilikuwa tisa, na alizitunza kwenye mtoto wa meza, zimezungushiwa kitambaa cha marekani ambacho nilikikata na kukipinda mwenyewe. Alizipata Raskazone, kwenye nyumba moja ya zamani ya wakoloni iliyokuwa ikitengenezwa iwe ofisi. Alikwenda kupima madirisha, akakuta vibarua wamezirundika nje pamoja na magodoro, mvua inakuja. Akavua shati lake akazifunika. Bi Mkubwa alipenda kusimulia alivyorudi nyumbani kifua wazi, na majirani wakadhani amevuliwa na vibaka.

Zilikuwa picha za maisha ya Misri ya kale, za rangi moja tu, wino wa kahawia ulioiva kama kahawa. Zilichapwa Ulaya karne ya kumi na tisa, na chini ya kila moja palikuwa na maneno madogo ya kigeni. Mara ya kwanza kunionyesha alinipa lenzi, akaniwekea ile ya wanawake wanaofuma kitani, akijua itanigusa. Nikaona vidole vyao, nyuzi moja moja, na kijakazi mmoja pembeni amesinzia na mpini wa upepeo mkononi. Nyingine ilikuwa na karani anayeandika huku mkulima amelazwa chini akichapwa fimbo. Nyingine karamu, wageni wamevaa maua, na mpiga kinubi kipofu. Na moja ilikuwa na mwanamke aliyepiga magoti kando ya sanduku la maiti, nywele zimemwagika mbele zikafunika uso wote. Hiyo aliitoa mwisho na kuirudisha mwanzo.

"Nani alichora?" nikamuuliza.

"Swali zuri. Soma chini." Akaweka kidole nusu kwenye jina la upande wa kushoto. "Huyu wa kushoto ndiye aliyechora kwa rangi, kwenye turubai. Picha yake iko huko Ulaya, mimi na wewe hatutaiona. Sasa njoo kulia. Huyu hakuchora jambo jipya. Alichukua bamba la shaba, akalipaka nta, akakaa na sindano akikwaruza picha ya mwenzake, mstari kwa mstari, ili watu wasioweza kuifikia waione. Kisha bamba likalazwa kwenye asidi. Asidi inakula pale tu palipokwaruzwa. Wino unaingia kwenye vile vidonda, karatasi inakandamizwa, picha inatoka."

"Vidonda?"

"Ni vidonda, mwanangu. Hebu pitisha kucha taratibu. Unausikia wino umeinuka?"

Siku nyingine alikuja mwalimu mmoja kijana, amesoma sanaa chuoni, kuchukua fremu ya cheti chake. Fundi akamfungulia kitambaa. Kijana akazipitia, akasema kwa adabu kwamba hizi si za asili, ni nakala tu, na tena wengi wa wachoraji wale hawakuwahi hata kukanyaga Misri; waliotea tu, kutoka kwenye vitabu na vitu vya makaburini. Mimi nilikuwepo, nikamwonea huruma kijana, nikijua ulimi unaokuja. Haukuja. Fundi alisema tu, "Najua. Wa kushoto aliota. Lakini huyu wa kulia aliiamini ndoto ya mwenzake mpaka macho yakamwisha. Mimi nampenda huyu wa kulia."

Bi Mkubwa akatoa kichwa mlangoni: "Mume wangu ana wake tisa wa karatasi, mwalimu. Mimi wa kumi, na ndiye pekee anayepika." Tukacheka sote.

Hewa ya pwani haina huruma na karatasi. Ukungu ulianza kwenye miguu ya yule mwanamke wa sanduku, madoa madogo ya kutu, kila masika yakipanda. Fundi alijaribu kila alichokijua: makaa kwenye mtoto wa meza, karafuu, jua la asubuhi. Madoa yakafika magotini. Wakati huo huo kazi nayo ilikuwa inakauka. Watu waliweka picha zao kwenye simu, na wiki nzima iliweza kupita bila mimi kusikia tak. Mtu asiye na kazi huzaa fikra. Yake ilikuwa kwamba, kabla karatasi haijafa, ataichora picha ile upya mwenyewe kwenye shaba.

Alikuwa na rafiki yake sonara, mzee aliyechora majina kwenye bangili, na huyo ndiye aliyempa bamba, nta na asidi, yale maji makali yao ya kusafishia dhahabu. Kwa mwaka mzima Fundi alijifungia kila alasiri, lenzi imefungwa jichoni kwa kamba, akikwaruza. Kaka yake Bi Mkubwa alipopata habari alikuja juu. Kuuza fremu ni jambo moja, alisema, lakini sasa unaumba. Nilisikia kupitia ukuta.

"Siumbi," Fundi akasema. "Nanakili nakala ya nakala."

"Mungu hafanyiwi mzaha."

"Basi mwache anijibu yeye."

Sasa nifike mahali ambapo kwa miaka mingi nimepazunguka.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Nilikuwa nimeachwa na mume mwaka ule, na Bi Mkubwa hakutaka nifuturu peke yangu, kwa hiyo kila jioni nilifunga duka nikapita kwao. Siku ile Fundi alikuwa amelitia bamba kwenye asidi kwa mara ya kwanza, kwenye sinia la plastiki juu ya meza yake ya kazi. Tangu adhuhuri hakusema na mtu. Alipoona magharibi imekaribia alinawa, akachukua tende za kugawa msikitini, akatoka mbio.

Meza ya kazi ilikuwa imejaa, na kando ya sinia palikuwa na chupa ya maji ya kunywa, ile ya plastiki ya lita moja na nusu, imejaa nusu. Bi Mkubwa alikuwa jikoni. Mimi nilitandika mkeka, nikapanga sahani, nikatafuta maji. Nikaiona chupa. Nikaichukua, nikaiweka mkekani karibu na tende.

Ilikuwa asidi iliyokwisha kuchanganywa, ambayo haijagusa shaba bado, nyeupe kama maji. Fundi hakuwa na chombo kingine, au alikuwa nacho na hakufikiri. Duka zima lilinuka vanishi na tapentaini siku zote. Pua zetu zilishakufa.

Bi Mkubwa akaja, akaketi, tukazungumza mambo ya jikoni. Adhana ikaingia. Alikuwa mtu wa kiu sana. Hakumimina kwenye glasi. Alipiga bismillahi, akainua chupa, akavuta funda moja kubwa.

Sitaeleza aliyoyafanya baada ya hapo. Hakupiga kelele, kwa sababu kelele ilishaondoka. Mimi ndiye niliyepiga. Majirani wakaja, bajaji ikaletwa, na Fundi alifika akitokea msikitini na karatasi ya tende bado iko mkononi.

Bi Mkubwa aliishi miezi minne. Walimwekea mpira tumboni akalishwa maji ya uji kwa bomba. Hakusema tena hata neno moja. Aliandika, kwenye daftari la shule, na daftari lile lilikaa chini ya mto wake. Nilikwenda kila siku kumfulia na kumgeuza. Alikuwa akinishika mkono na kuupigapiga taratibu, mimi nikilia, yeye akinipigapiga kama kwamba mgonjwa ni mimi. Nilitaka kumwambia. Kila siku nilisema leo, na kila siku palikuwa na mtu mwingine wodini, au alikuwa amelala, au mimi nilikuwa mwoga.

Siku ya tatu baada ya ajali Fundi alirudi dukani kuchukua nguo, nikamfuata. Sinia lilikuwa bado pale mezani. Hakuna aliyekumbuka kulitoa bamba. Asidi ilikuwa imekula usiku na mchana bila kusimamishwa, imekuwa ya buluu kama wino wa shule, na shaba ilikuwa imetoboka katikati. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa tundu lenye kingo za kukatakata. Alilitazama bila kubadilika uso, akalibeba nje na sinia lake, sikumwona tena nalo.

Polisi walipokuja kuuliza, nilikuwa nimesimama mlangoni. Askari aliuliza nani aliiweka chupa pale mkekani. Nikafungua mdomo.

"Mimi," Fundi alisema. "Niliiweka mwenyewe nikatoka. Nilikuwa na haraka."

Nikafunga mdomo. Nilijiambia mzee amechanganyikiwa, hakumbuki. Nilijiambia nitasahihisha baadaye. Wakaandika ni ajali, wakaondoka.

Bi Mkubwa alipofariki, matanga yaliwekwa nyumbani kwa kaka yake, Nguvumali. Fundi alikaa barazani na wanaume, na hakuna aliyekaa karibu naye. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, na niliyasikia yote. Kwamba masanamu yamemlipa. Kwamba alimpa mkewe sumu kwa ajili ya wanawake uchi wa Kimisri, nao hawakuwa uchi. Kwamba mtu gani mwenye akili anaweka asidi kwenye futari. Mmoja akanigeukia, "Wewe Salma ulikuwepo. Si kweli aliiweka yeye?" Nikainamisha kichwa. Wakalichukua kuwa ndiyo, na mimi nikawaachia walichukue.

Shemeji yake hakumpa mkono siku ile wala baada yake. Wateja wakapungua, si kwa simu tu sasa. Akina mama waliwavuta watoto wao walipopita mbele ya duka. Yeye aliendelea kufungua saa mbili na kufunga alasiri. Kutoka upande wangu wa ukuta nilisikia kimya kirefu bila tak mwishoni. Wakati mwingine niligonga, nikamuuliza kama amekula. "Nimekula, mwanangu." Nilimpelekea chakula kila Ijumaa, nacho kilikuwa chakula cha uongo, kila tonge.

Hakumlaumu mtu. Hakujitetea hata mara moja. Ulimi ule wa kukwaruza ulilala. Mteja aliyelalamikia fremu aliambiwa, "Pole, nitaitengeneza," na hilo liliniumiza kuliko matusi.

Kisha mkono wake wa kulia ukapooza, na mpwawe mwenye duka la mbegu na dawa za mimea akaja na gari, akamchukua kwenda kukaa naye Maramba. Duka likapangishwa kwa muuza simu. Nilisimama nikimpungia, na nilipoingia ndani nilikaa kwenye cherehani nikaona naweza kushona saa yoyote nitakayo, hakuna atakayegonga.

Ilipita miaka mitano kabla sijakwenda. Mwaka huu, mwezi wa nne, shangazi yangu alifariki kijiji cha jirani na Maramba, na baada ya maziko nikapanda bodaboda mpaka dukani kwa mpwawe. Alinipokea vizuri, akaniambia mzee yuko nyuma, anaona kidogo, anasikia vizuri.

Alikuwa kwenye kitanda cha kamba, mdogo kuliko nilivyomwacha, ametulia. Picha zilikuwa zimebaki mbili, mpwawe alisema. Nyingine zilikwisha kuwa unga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Salma." Hakuuliza. Aliitambua sauti. "Kaa hapa karibu. Mguu wako una vumbi la makaburini, nani kafa?"

Nikamwambia. Akanipa pole. Nikaona kwamba nikianza na habari za mji nitamaliza na habari za mji, kwa hiyo nikasema yote palepale, sijavua hata ushungi. Kwamba chupa niliiondoa mimi mezani, nikaiweka mimi mkekani. Kwamba nilimsikia akimdanganya askari nikanyamaza, na kwenye matanga nikanyamaza tena.

Hakushtuka. Alikuwa akitazama dirishani.

"Najua," akasema. "Aliniandikia siku ya pili. *Chupa kaisogeza Salma, hajui kama najua. Asiambiwe, ataharibikiwa.* Nikafanya alivyotaka."

Nikavuta ushungi nikafunika uso.

"Nilikungoja, lakini. Sitakuficha. Kila Ijumaa ulipokuja na sahani nilisema leo atasema. Miaka yote hiyo, Salma. Wakati mwingine nilikuchukia."

"Nisamehe, Fundi."

"Chupa uliisogeza wewe. Asidi niliitia mimi. Mzigo huo ni wangu, na siugawi na mtu." Akarudi kutazama dirishani. Nilidhani amemaliza nami, nikakusanya mkoba. Ndipo akageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Mimi sikuwepo. Nilikuwa sijasema naye tangu adhuhuri. Wewe ndiye wa mwisho kuisikia sauti yake. Hilo nilitaka kukuuliza siku zote, na nisingeweza kukuuliza bila kukuambia kwamba najua. Alisema nini?"

Nikamwambia. Sikuwa nimelisahau, nisingeweza. Alikuwa ameketi mkekani anafunua chungu cha tambi, na alisema: "Leo mwenzio amefunga mpaka maneno, maskini. Hizi za chini zimeungua, tutakula sisi. Za juu mwachie yeye."

Fundi Vioo hakulia. Alisema, "Sema tena."

Nikasema tena.

"Alisema maskini?"

"Alisema maskini. Huku anacheka."

"Sema tena, kama alivyosema."

Nikarudia mara ya tatu, nikijitahidi kuishusha sauti yangu iwe ya Bi Mkubwa. Alikuwa amefumba macho, midomo yake ikifuata neno kwa neno, na mpwawe alipoingia na chai, mzee aliinua mkono wake mzima kumzuia, asubiri pale mlangoni.